Joseph Kiwele: mpiga kinanda wa Mpala na kazi ya mkono wa kushoto

Kampene – Kijana anayetaka kujifunza piano hapa Kampene, Kindu ama Kalima anakutana mapema na mabishano ya siku nyingi. Kuna wanaomshauri ashike akordi kwa mkono wa kushoto na kupiga wimbo kwa mkono wa kuume, ili baada ya muda mfupi aweze kusindikiza kwaya. Kuna wengine wanaokataa kabisa. Hao wanataka aanze na nota, asome ufunguo wa Sol kwa mkono wa kuume na ufunguo wa Fa kwa mkono wa kushoto, hata kama itachukua miaka.

Maisha ya mtu mmoja wa mashariki ya Kongo yanaweza kusaidia pande zote mbili. Ni Joseph Kiwele, aliyezaliwa mwaka 1912 na kufariki mwaka 1961. Watu wengi wanaosikia jina lake wanafikiri kwanza siasa ya Katanga na serikali ya Moïse Tshombe. Lakini kabla ya siasa, Kiwele alikuwa mwalimu wa muziki, mpiga kinanda wa kanisa na mtunzi. Ni mmoja kati ya Wakongo wa kwanza kuandika muziki mkubwa wa kwaya kwa nota, sauti kwa sauti, kwenye karatasi.

Mtoto wa kando ya ziwa

Kiwele alizaliwa Mpala, upande wa magharibi wa ziwa Tanganyika, katika jimbo linaloitwa leo Tanganyika. Mpala si kijiji kisichojulikana katika historia. Mwaka 1883 Mbelgiji Émile Storms alijenga kituo hapo, na mwaka 1885 kituo kikapewa Mapadri Weupe. Tangu hapo Mpala ikawa misioni yenye shule, na Kiswahili ndicho kilikuwa lugha ya kufundishia dini pande hizo za ziwa.

Wakati ule, mtoto mwenye akili aliyetaka kuendelea na masomo hakuwa na milango mingi. Mlango mkubwa ulikuwa seminari. Mwaka 1917, Kiwele akiwa na miaka kama mitano tu, Stefano Kaoze alipewa upadri huko Baudouinville, mji unaoitwa leo Moba. Alikuwa Mkongo wa kwanza kuwa padri. Habari hiyo ilifungua macho ya familia nyingi kando ya ziwa. Kiwele naye alipita katika seminari za Mapadri Weupe za pande hizo. Mwishowe hakuwa padri, lakini huko ndiko alikopata chakula cha maisha yake yote, yaani muziki wa kuandikwa.

Ili kuelewa alichojifunza, ni lazima kujua jinsi muziki ulivyokuwa katika kanisa la wakati ule. Kila siku seminari iliimba kwa Kilatini nyimbo za Kigregori. Nyimbo hizo zinaandikwa juu ya mistari minne, si mitano kama tunavyozoea kuona leo. Zina sauti moja tu, bila akordi yoyote. Ufunguo wake unaonyesha Do iko wapi, ama Fa iko wapi, na mwimbaji anatafuta zingine mwenyewe. Hiyo ni njia ya zamani sana: karibu mwaka 1025, mtawa wa Italia aliyeitwa Guido wa Arezzo ndiye aliyetengeneza namna ya kufundisha wimbo kwa mistari na kwa majina ya nota ambayo yametufikia hadi leo kama do, re, mi.

Basi mwanafunzi wa seminari alijifunza kwanza kusoma mstari mmoja wa wimbo kwa sauti yake mwenyewe. Piano ilikuja nyuma. Aliyesogea hadi kwenye harmoniamu, kile kinanda cha kukanyaga kwa miguu ili kupata hewa, alitakiwa kuchukua wimbo huo wa sauti moja na kuutafutia sauti zingine chini yake. Hapo ndipo mkono wa kushoto ulipoanza kazi.

Kuna jambo jingine la wakati ule ambalo vijana wa leo hawalijui. Mwaka 1903 Papa Pius wa kumi aliandika sheria juu ya muziki wa kanisa. Kinanda cha kanisa kilikubaliwa. Piano ilikatazwa ndani ya kanisa, na ngoma vilevile. Kwa hiyo kijana wa Mpala, aliyekulia mahali ambapo ngoma inasikika kila wakati wa furaha na wa msiba, aliingia misa akiacha ngoma nje ya mlango. Jambo hilo linaeleza sehemu kubwa ya kazi aliyoifanya baadaye.

Njia mbili, kwa maneno mepesi

Kwa wasomaji ambao hawapigi piano, tofauti ya njia hizi mbili ni hii.

Akordi ni nota tatu ama zaidi zinazopigwa pamoja. Do, Mi na Sol zikipigwa pamoja, ni akordi ya Do. Mpiga piano akijua akordi ya Do, ya Fa na ya Sol, anaweza kusindikiza nyimbo nyingi sana za kwaya. Piano za umeme za siku hizi zinamrahisishia zaidi: anashika akordi upande wa kushoto, na mashine yenyewe inaongeza besi na ngoma. Kwa kanisa lenye piano moja na betri ya sola, na mpiga piano mmoja ambaye ana kazi ya shamba ama ya machimbo wiki nzima, njia hiyo inasaidia kweli. Hakuna wa kuicheka.

Njia ya pili ni ya mistari miwili ya nota, mmoja juu ya mwingine. Wa juu una ufunguo wa Sol, na kwa kawaida ni wa mkono wa kuume. Wa chini una ufunguo wa Fa, na kwa kawaida ni wa mkono wa kushoto. Macho yanasoma yote miwili kwa mara moja. Shida kubwa ni kwamba nota moja iliyoandikwa mahali palepale ina jina tofauti kwenye kila ufunguo. Nota ya mstari wa chini kabisa ni Mi kwenye ufunguo wa Sol, lakini ni Sol kwenye ufunguo wa Fa. Wengi wanakata tamaa hapo.

Faida yake inaonekana baadaye. Anayeshika akordi tu, mkono wake wa kushoto unafanya kazi moja: kubeba wimbo. Anayesoma ufunguo wa Fa, mkono wake wa kushoto unaweza kutembea peke yake, kupanda wakati wa kuume unashuka, kujibu, kunyamaza, kuingia tena. Mkono huo unakuwa sauti ya pili ndani ya wimbo.

Elisabethville: mistari mitatu

Baada ya kuacha njia ya upadri, Kiwele alikwenda Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Mji huo ulikuwa mji wa shaba, wenye watu kutoka kila upande: Kasai, Maniema, Kivu, Rodezia. Kanisa Katoliki la huko lilikuwa mikononi mwa watawa Wabenedikto, chini ya Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne.

Mbenedikto mmoja, Dom Anschaire Lamoral, alianzisha mwaka 1937 kwaya ya watoto iliyopata sifa kubwa. Iliitwa Waimbaji wa Msalaba wa Shaba. Jina hilo lilifuata lile la kwaya maarufu ya watoto wa Paris, ambao walivaa msalaba wa mti. Katanga ikaweka shaba mahali pa mti, na haikukosea, kwa sababu misalaba midogo ya shaba ilikuwa feza ya zamani ya pande hizo, kabla ya Wazungu kufika.

Kiwele alifanya kazi karibu na Lamoral. Alifundisha muziki shuleni na kupiga kinanda katika kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo. Kinanda cha kanisa kuu si harmoniamu ya misioni. Miguu nayo ina nota zake, mbao ndefu zilizopangwa chini, na mpiga kinanda anazikanyaga bila kuziangalia. Muziki wake unaandikwa kwa mistari mitatu: mkono wa kuume, mkono wa kushoto, na miguu. Anayelalamika leo juu ya funguo mbili afikirie mtu aliyesoma mistari mitatu huku akisikiliza padri kwenye altare ili ajue wakati wa kunyamaza.

Baadaye Kiwele alivuka bahari na kusoma kwenye Konservatwari ya Liège, huko Ubelgiji. Kwa Mkongo wa wakati wa ukoloni, hilo halikuwa jambo la kawaida. Kongo yote ilikuwa na watu wachache sana waliofikia masomo ya juu, na karibu wote walikuwa mapadri. Yeye alikwenda kwa ajili ya muziki.

Ngoma, lugha na akordi

Muziki wa Afrika na akordi za Ulaya haviishi pamoja bila shida. Watu wa Maniema wanaweza kulielewa jambo hili vizuri kuliko wengi. Kirega, kama lugha nyingi za Kibantu, ni lugha ya toni: neno lina sauti ya juu na sauti ya chini, na ukigeuza sauti unaweza kugeuza maana. Ndiyo sababu ngoma ya mti yenye mdomo iliweza kutuma habari kutoka kijiji hadi kijiji. Ngoma ilikuwa ikifuata kupanda na kushuka kwa maneno yenyewe.

Sasa chukua wimbo wa kitabu cha kanisa uliotungwa Ulaya, ukaweke maneno ya Kirega ama ya Kiluba ndani yake. Wimbo unapanda mahali ambapo neno linashuka. Ubeti wa kwanza unaweza kubahatika. Wa pili unaharibika, kwa sababu maneno yamebadilika na wimbo haukubadilika. Kiswahili kinavumilia zaidi kwa kuwa hakina toni za namna hiyo. Labda ndiyo maana nyimbo za Ulaya zilikaa vizuri zaidi katika Kiswahili kuliko katika lugha za vijiji.

Akordi zinaongeza mzigo. Mkono wa kushoto ukijua kutoka Do kwenda Fa, kwenda Sol na kurudi Do tu, basi wimbo unalazimishwa kupita njia hiyo. Mtunzi anatunga kile ambacho akordi zake zinaruhusu. Wimbo wa mama anayetwanga, ama wa wanaume wanaovuta mtumbwi, unakatwa mikono na miguu ili uingie katika akordi tatu.

Kazi ya Kiwele inayojulikana zaidi, Missa Katanga, iko katikati ya shida hiyo. Ni misa ya kwaya. Maneno ni ya Kilatini, kwa sababu sheria ya kanisa haikuruhusu kingine. Lakini nyimbo zake zina asili ya nyumbani. Kilatini kilimpa uhuru mmoja: hakina toni, kwa hiyo wimbo ungeweza kutembea kwa mwendo wa Kiafrika bila kuharibu maana ya neno. Ili kupanga sauti za kwaya chini ya wimbo wa namna hiyo, akordi zilizokaririwa hazitoshi. Kila sauti ni lazima iwe na njia yake. Hiyo ndiyo kazi ambayo ufunguo wa Fa unafundisha.

Wakati huohuo kulikuwa na misa nyingine, Missa Luba, iliyotoka Kamina mwaka 1958 chini ya padri Mbelgiji Guido Haazen, na kwaya ya Trubadur wa Mfalme Baudouin. Hiyo ilizunguka dunia nzima. Ilizaliwa kwa njia nyingine: waimbaji walivumbua sauti zao kwa masikio, pamoja, na mengi hayakuwa yameandikwa. Ni diski iliyoihifadhi, na nota ziliandikwa nyuma. Ni muziki mzuri sana, na unaonyesha nguvu ya sikio. Lakini jina lililosafiri nao ni la padri, na waimbaji waliovumbua sauti wanajulikana kidogo sana. Missa Katanga haikupata sifa kama hiyo duniani, ila jina lililo juu yake ni la Mkongo aliyeitunga.

Na sikio lisidharauliwe. Katika Katanga hiyohiyo, Mwenda Jean Bosco alikuwa akipiga gitaa kwa namna ambayo ilimshangaza Hugh Tracey, aliyemrekodi mwaka 1952. Kidole gumba kilipiga besi, kidole cha pili kikapiga wimbo, kila kimoja na njia yake. Mwenda hakuhitaji ufunguo wa Fa ili mikono yake iwe huru. Alichokosa ni kwamba mtu wa Kampene ama wa Kasongo aliyetaka kumfuata ilibidi asikilize diski mpaka achoke, akitafuta kidole kimoja kimoja.

Waziri wa elimu

Karatasi inahifadhi yote, hata yale ambayo mtu angependa yasahauliwe. Kati ya kazi za Kiwele kuna kantata ya kuisifu Ubelgiji. Aliiandika wakati wa ukoloni, na leo inasomeka kama ushahidi wa kile ambacho mwalimu Mwafrika alitakiwa kutoa ili apate nafasi.

Kisha mwaka 1960 ukafika. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 mwezi wa sita. Tarehe 11 mwezi wa saba, Tshombe akatangaza Katanga kuwa nchi ya peke yake. Kiwele akawa waziri wa elimu katika serikali hiyo, na ni yeye aliyetunga wimbo wa taifa wa Katanga. Nchi hiyo haikutambuliwa na serikali yoyote ya dunia, na ikaisha mwezi wa kwanza 1963. Wimbo wake ulibaki bila taifa.

Katika Maniema mambo ya wakati huo hayasahauliki. Mwaka 1961 ulikuwa mwaka mbaya. Mwezi wa tisa, majeshi ya Umoja wa Mataifa na ya Katanga yalipigana Elisabethville, na katibu mkuu Dag Hammarskjöld akafa kwa ajali ya ndege karibu na Ndola. Mwezi wa kumi na moja, Waitaliano 13 wa ndege za Umoja wa Mataifa waliuawa Kindu. Mwezi huohuo Joseph Kiwele alifariki, akiwa bado waziri na akiwa hajafikisha miaka 50. Mwezi uliofuata, vita vikaanza tena Elisabethville.

Siasa yake ilimfunika. Kwa watu wa Kongo waliotaka nchi moja, alikuwa mtu wa Katanga iliyojitenga. Kwa hiyo kazi yake ya muziki haikupata nafasi kubwa katika shule za nchi, na vijana wengi wanaopiga piano makanisani leo hawajasikia wimbo wake hata mmoja. Inawezekana kuikataa siasa ya mtu na bado kujifunza kutoka kwa mikono yake.

Nini kinabaki kwa mpiga piano wa leo

Je, maisha ya Kiwele yanasema kwamba anayeshika akordi anapoteza wakati? Hapana. Hata Ulaya, wapiga kinanda wakubwa walifanya kazi na akordi. Wakati wa Johann Sebastian Bach, aliyefariki mwaka 1750, mpiga kinanda alipewa mara nyingi mstari wa besi tu, na namba ndogo zilizoonyesha akordi. Mkono wa kushoto ulisoma besi, wa kuume ukavumbua akordi papo hapo. Bach alianzisha wanafunzi wake wa utunzi kwa zoezi hilo. Tofauti na siku hizi ni moja: wao walisoma ufunguo wa Fa kwanza, akordi zikafuata. Besi haikuachiwa mashine.

Kwa hiyo njia ya katikati ipo. Anayejua akordi tayari hana haja ya kuanza upya kama mtoto. Anaweza kuchukua wimbo mmoja anaoupiga kila juma, aache akordi nzima ya mkono wa kushoto, apige nota ya chini peke yake, kisha aiandike kwenye ufunguo wa Fa. Wiki inayofuata ajaribu kuweka Mi chini ya akordi ya Do mahali pa Do, asikie jinsi wimbo unavyosogea. Hivyo kidogo kidogo mkono unaanza kutembea, na macho yanazoea mistari ya chini bila kulazimishwa. Aliyesoma nota tu naye afunge kitabu siku moja na kusindikiza mama wa kanisa anayeanzisha wimbo bila kutangaza. Kiwele alipita pande zote mbili: wimbo wa Kigregori hauna akordi zilizoandikwa, na mpiga kinanda anatakiwa kuzisikia.

Kuna sababu nyingine ya kujifunza kuandika, na ni nzito zaidi katika eneo kama Pangi na majirani zake. Watu wanahama. Wanakimbia vita, wanafuata machimbo, wanakwenda kusoma Kindu, Bukavu ama Kisangani. Mpiga piano akiondoka, nyimbo za kwaya yake zinabaki na maneno na sauti ya juu tu. Besi, majibu, mahali pa kunyamaza, vyote vimeondoka ndani ya mkono wake wa kushoto. Atakayemfuata ataweka akordi tatu, na wimbo utafanana na nyingine zote. Simu inaweza kurekodi, lakini simu inaibiwa, inaanguka majini, na sauti zikichanganyika ni vigumu kuzitenganisha. Daftari lenye mistari mitano halihitaji moto wa umeme.

Kiwele alifariki mwezi wa kumi na moja 1961. Mtaguso wa pili wa Vatikano ulifunguliwa tarehe 11 mwezi wa kumi 1962, hata mwaka haujaisha. Baada yake lugha za watu na ngoma ziliingia kanisani waziwazi, na mwaka 1988 Roma ikakubali namna ya misa ya majimbo ya Zaire. Yale aliyoyaandika kwa Kilatini, ngoma ikiwa bado nje, hakuyaona yakifunguka. Lakini aliyaandika, mstari wa juu na mstari wa chini, na kwaya yoyote yenye mtu wa kuisoma mistari hiyo yote inaweza kuyaimba.